Majenerali wa ziada: mchezo wa vita unasahau nani anayelipa

MAONI – Katika michezo ya video ya vita vya kale, kinachomsumbua mchezaji mwishoni si adui. Ni watu wake mwenyewe. Baada ya siku nyingi za kucheza, ufalme umepanuka na majirani wameshindwa. Mfalme anajikuta na watoto, wajomba, wakwe na majenerali kumi na watano, na kazi zilizopo zinatosha watu wanane tu. Hao saba wanaobaki wafanye nini?

Kwa anayecheza, hilo ni fumbo la jioni moja. Kwa mkaaji wa mashariki ya Kongo si fumbo geni. Kila mkataba wa amani uliotiwa sahihi nchini umekutana na swali hilo hilo: makamanda ni wengi, viti ni vichache, na kila kamanda ana watu wenye bunduki nyuma yake. Ndiyo maana majibu ambayo michezo hii inawafundisha vijana yanastahili kuangaliwa kwa makini. Mengi kati yake yanaonekana rahisi kwa sababu moja tu: anayelipa gharama haonekani kwenye kioo.

Kitufe kisichokuwepo

Mfano mzuri ni Rome: Total War, mchezo uliotengenezwa Uingereza na kampuni ya Creative Assembly mwaka 2004. Tangu 2018 unachezwa hata kwa simu, iPhone na Android. Mchezaji huanza na moja ya familia tatu kubwa za Roma: Julii, Brutii au Scipii. Vijana wa kiume wa familia wakifika umri wa miaka 16 huingia kazini kama majenerali au magavana wa miji. Mabinti wakiolewa, wakwe nao huingia. Kapteni wa kawaida akishinda pigano gumu, familia huulizwa kama inataka kumchukua awe mtoto wake. Mchezaji mwenye furaha ya ushindi hukubali, na orodha huzidi kurefuka.

Kila mmoja wao ana walinzi wake wa farasi, na ana tabia zinazobadilika kulingana na maisha anayoishi. Aliyewekwa kwenye mji wenye shule huweza kuongezeka maarifa. Aliyeachwa akae bure kwenye mji wenye starehe nyingi huweza kugeuka mlevi. Hazina ya dola ikijaa mno, magavana huanza kula rushwa. Watengenezaji wa mchezo walielewa jambo moja la kweli: mtu mwenye cheo asiye na kazi habaki jinsi alivyokuwa. Anaharibika, na anaharibu mji alimowekwa.

Sasa angalia jinsi mchezo huo unavyowatendea askari wadogo. Kikosi cha kawaida kikirudishwa mjini, mchezaji anaweza kukivunja kwa kubonyeza mara moja, na wanaume hao wanaongezwa kwenye hesabu ya wakaaji wa mji. Wamerudi kuwa raia. Jenerali hawezi kuvunjwa hivyo. Kwake yeye kitufe hicho hakipo. Atabaki jenerali mpaka afe kwa uzee au kwa upanga.

Hapo ndipo hila zinapoanza.

Hila za wachezaji

Hila ya kwanza inajulikana na karibu kila mchezaji: jenerali asiyetakiwa anatumwa na walinzi wake peke yao kushambulia jeshi kubwa la adui. Akifa, familia imepungua mdomo mmoja na hakuna wa kulaumiwa. Wengine humpandisha meli na kumpeleka palipo na meli za adui. Wenye huruma kidogo humtupa kwenye mji wa mbali ambako kasoro zake hazitaumiza sana, yaani hazitamuumiza mchezaji.

Katika Medieval II: Total War ya mwaka 2006, jambo liliongezwa: kila jenerali ana kipimo cha uaminifu. Anayedharauliwa anaweza kuasi, na anapoasi haondoki peke yake. Anaondoka na jeshi alilopewa.

Crusader Kings III, uliotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Paradox ya Uswidi, unaingia ndani zaidi ya nyumba. Humo, kwa watawala wengi wa zamani, sheria ya urithi hugawa nchi kati ya watoto. Baba akiwa na watoto wanne wa kiume, nchi moja inaweza kuwa nchi nne siku atakapozikwa. Ndivyo ilivyowapata Wafranki kweli: Louis, mtoto wa Karolo Mkuu, alikufa mwaka 840, wanawe watatu wakapigana, na mwaka 843 mkataba wa Verdun ukaikata dola yao vipande vitatu. Kwa kuogopa hilo, mchezaji huwapeleka wadogo utawani, huwanyima urithi, huwaweka mstari wa mbele vitani, au hupanga wauawe kwa siri. Aliyemnyima mtoto urithi hulipa kwa sifa ya ukoo. Muuaji akigunduliwa, jina lake huchafuka. Lakini akivumilia muda, mambo hutulia na mchezo huendelea.

Total War: Three Kingdoms ya mwaka 2019, inayohusu China ya karne ya pili na ya tatu, ina akili zaidi kwenye jambo hili. Jenerali asiye na kazi hapotei machoni. Kila mmoja ana kipimo cha kuridhika, na akiona hakuna nafasi yake anaweza kuondoka na kumtumikia mpinzani. Lakini mchezo unampa mchezaji kazi nyingine za kugawa zisizo za jeshi: kusimamia mkoa, kuwa waziri, kutumwa kwa shughuli maalumu. Anayejua kucheza haulizi nani afe. Anauliza nani anaweza kazi gani bila kuhitaji jeshi.

Historia ilijaribu yote hayo

Mtu anaweza kusema: hiyo ni michezo tu, hakuna anayekufa. Ni kweli, na hakuna sababu ya kumkemea kijana kwa sababu ya jenerali wa kwenye kioo. Lakini hila hizo hazikutoka hewani. Wafalme wa kweli walizitumia, na matokeo yake yameandikwa.

Waothmani waliotawala kutoka Istanbul walichagua kifo. Sultani Mehmed wa Pili, aliyekufa mwaka 1481, aliruhusu kwa sheria kwamba anayepata kiti anaweza kuwaua ndugu zake kwa ajili ya utulivu wa dola. Mwaka 1595 Mehmed wa Tatu alipoingia madarakani, ndugu zake 19 walinyongwa. Mwaka 1603 sultani mpya, Ahmed wa Kwanza, hakumwua mdogo wake Mustafa. Baadaye ikawa desturi kuwafungia wana wa wafalme ndani ya kasri. Damu ilipungua, lakini tatizo lilibadilika sura: Mustafa alipokalishwa kwenye kiti mwaka 1617, hakuweza kutawala. Aliondolewa mwaka 1618, akarudishwa 1622, akaondolewa tena 1623. Mtu aliyefungiwa miaka mingi bila kazi hakuwa tayari siku alipohitajiwa.

China ilitoa jibu tofauti. Mwaka 960 jenerali Zhao Kuangyin alipewa ufalme na askari wake, akaanzisha ukoo wa Song. Alijua vizuri kwamba jeshi lililomfanya yeye mfalme linaweza kumfanya mwingine vilevile. Wanahistoria wa China wanasimulia kwamba mwaka 961 aliwaita makamanda wakubwa kwenye karamu, akawaeleza hofu yake waziwazi, akawaomba waache majeshi. Kwa kubadilishana wangepata mashamba, mali na ndoa na ukoo wa mfalme. Wakakubali, wakaacha. Jibu hilo nalo lilikuwa na bei yake: ukoo wa Song uliendelea kuwaogopa majenerali wake, jeshi likawa na shida mbele ya majirani wa kaskazini, na mwaka 1127 ulipoteza kaskazini yote ya nchi. Hata hivyo, karamu hiyo haikumwaga damu.

Roma nayo ina mfano wake. Mwaka 43 kabla ya Kristo watu watatu walijigawia dola: Octavian, Antony na Lepidus. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu. Mwaka 36 kabla ya Kristo Lepidus alijaribu kuishika Sicilia kwa nguvu ya jeshi, lakini askari wake wakamwacha na kwenda upande wa Octavian. Wengi wangetegemea auawe. Octavian alimnyang'anya jeshi na mamlaka, akamwachia cheo cha kuhani mkuu wa Roma, akamweka mahali pa kuangaliwa. Lepidus aliishi hivyo zaidi ya miaka 20, akafa kifo cha kawaida. Heshima ilibaki, bunduki ziliondoka; ndivyo mtu wa leo angesema.

Shamba la nani?

Lakini kisa cha Octavian hakiishii kwa Lepidus, na sehemu inayofuata inawahusu zaidi waliokimbia makwao.

Majenerali hao watatu walikuwa wamewaahidi askari wao ardhi. Walipowashinda wauaji wa Kaisari mwaka 42 kabla ya Kristo, maelfu ya askari walirudi Italia kudai ahadi. Ardhi ilitoka wapi? Ilichukuliwa kwa wakulima. Miji 18 ya Italia ilikuwa imechaguliwa kulipa deni hilo. Mwaka 41 familia ambazo hazikumkosea mtu ziliondolewa kwenye mashamba ya wazazi wao ili askari wapewe. Wengine walikwenda Roma kulia mbele ya wakubwa. Hasira ikazaa vita vingine, na mji wa Perusia ukazingirwa, ukafa njaa, ukaungua moto.

Amani kati ya wakubwa ilikuwa imelipwa na watu wadogo. Tembo walipopatana, nyasi ziliumia vilevile.

Mtu huyo huyo baadaye alifanya vingine. Baada ya kumshinda Antony mwaka 31 kabla ya Kristo, Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus, alibaki na legioni karibu 60, na kila legioni ilikuwa na watu kama 5,000. Alizipunguza hadi kama 28. Safari hii, mwaka 30 na tena mwaka 14 kabla ya Kristo, aliilipia miji ardhi aliyowapa askari. Kwenye maandishi aliyoacha mwenyewe anataja sesterse milioni 600 kwa mashamba ya Italia na milioni 260 kwa mashamba ya majimbo mengine. Mwaka 6 baada ya Kristo akaanzisha hazina maalumu ya askari wanaostaafu, ikipata fedha zake kutoka ushuru wa urithi wa asilimia 5 na ushuru wa minada. Askari alijua siku ya kutoka na kiasi atakachopata, na mkulima alibaki na shamba lake.

Augustus hakuwa mtu mpole, na fedha hizo nyingi zilitoka kwenye nyara za vita. Lakini tofauti ya mwaka 41 na mwaka 30 ni kubwa. Mara zote mbili askari walitulizwa. Mara ya kwanza bili ilipelekwa kwa mkulima, mara ya pili ikapelekwa kwa hazina.

Rome: Total War unaishia mwaka 14 baada ya Kristo, mwaka ambao Augustus alikufa. Mambo hayo yote yamo ndani ya miaka ya mchezo. Mchezaji hayaoni. Mkaaji wa mji ni tarakimu tu. Mji ukitekwa, vitufe vitatu vinatokea: kuukalia, kuwafanya wakaaji watumwa, au kuwaua. Akibonyeza cha pili, maelfu huondolewa na kugawanywa kwenye miji yake mingine yenye magavana. Namba inashuka hapa, inapanda pale. Hakuna mama anayeonekana na godoro kichwani, hakuna mtoto anayeuliza kwa nini shule imeachwa, wala mzee anayetaka kujua nani sasa anavuna muhogo wake.

Kipimo ambacho Kongo inakijua

Nchini Kongo majibu kadhaa yamejaribiwa. Mwaka 2003, baada ya mazungumzo ya Sun City na Pretoria, serikali ya mpito iliundwa ikiwa na rais mmoja na makamu wanne, ili wakubwa wa pande zilizopigana wapate nafasi. Askari wa pande hizo walichanganywa katika brigedi mpya, kazi iliyojulikana na wote kwa jina la brassage. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ilitia sahihi mkataba mjini Goma na CNDP, na askari wa kundi hilo wakaingizwa katika jeshi la taifa. Mwaka 2012 sehemu ya askari hao iliasi na kujiita M23, jina lililotokana na tarehe ya mkataba huo. Waliofuata habari tangu hapo hawahitaji kukumbushwa mengine.

Sababu za vita vya Kongo ni nyingi, na si haki kuzifunga zote kwenye suala la vyeo. Lakini somo moja linaonekana. Kumpa kamanda cheo kipya huku watu wake wakibaki kumtii yeye kuliko taifa ni sawa na kumwacha jenerali wa Medieval II na jeshi lake huku kipimo cha uaminifu kikiwa chini. Amekaa kimya, lakini hajaacha kitu. Tena kuna hatari nyingine: kijana wa kijijini akiona kwamba njia ya kupata cheo ni kwanza kukusanya bunduki, mlango wa kuwapokea waasi wa jana unakuwa mlango wa kuzalisha waasi wa kesho.

Mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 2021, P-DDRCS, unataja ndani ya jina lake kupokonya silaha, kuondoa watu jeshini, na pia kuinua jamii. Hilo la tatu ndilo linalohitaji kuangaliwa na wakaaji. Mpiganaji akipewa vifaa vya kazi na jirani yake aliyechomewa nyumba asipewe kitu, kijiji kitasoma ujumbe huo bila kuhitaji mwalimu.

Kinachopaswa kufanywa

Kwa kijana anayecheza, ushauri ni rahisi, na utamsaidia hata kushinda. Asikubali kila anayeombwa kuingizwa katika familia. Ampokee yule ambaye tayari ana kazi ya kumpa. Asimwache mtu mwenye cheo akae bure. Aanze kupanga urithi mapema, kabla mfalme hajazeeka. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha mji uliotekwa, asome ile namba ya wakaaji na ajiulize ni nyumba ngapi.

Kwa mzazi na mwalimu, kukataza mchezo kunaleta faida ndogo kuliko kukaa dakika kumi pembeni na kuuliza: huyu jenerali umempeleka wapi, na kwa nini? Majenerali hao wanaweza kufungua mazungumzo ambayo kitabu cha historia hakikuyafungua.

Kwa wanaokaa mezani kutafuta amani, somo ni gumu zaidi. Jenerali wa ziada anahitaji njia ya kutoka yenye heshima, kwa sababu asiyeona njia atapigana. Lakini heshima iende kwake, na askari waende kwa taifa au nyumbani. Anayebeba mlima wa makosa dhidi ya raia asichanganywe na aliyekosa kazi tu. Wa kwanza anahitaji hakimu kabla ya kiti. Na mahali pa kutoa malipo pajulikane tangu mwanzo, pasiwe shamba la mtu aliye kambini.

Waliokimbia makwao wana haki ya kuuliza swali moja kila mara mkataba mpya unaposomwa redioni: majina ya wakubwa yamesikika, vyeo vimesikika, je, ni katika ukurasa gani wa mkataba imeandikwa siku ya wao kurudi nyumbani, na nani atalinda njia? Kama ukurasa huo haupo, bili imeshapelekwa kwao.